Bahasha Namba 214

Nimetunza daftari la ahadi miaka kumi na tisa
mtaani kwetu, juu kidogo ya Kiboriloni,
pale lami inapochoka na migomba inapoanza.
Kila msharika na bahasha yake, kila bahasha na namba.
Mia mbili kumi na nne ilikuwa ya Aikaruwa.
Jina lake ni shukrani kwa Mungu, kwa lugha ya mama yangu.
Safu yake ilikuwa nyeupe miaka mitatu.

Alipofariki wakaniita ofisini.
Sikuulizwa alikuwa nani.
Niliulizwa: anadaiwa?
Nikafungua. Nikasoma. Sauti yangu haikutetemeka,
na hilo ndilo linaloniamsha saa nane za usiku:
si yeye, si jeneza, ni sauti yangu, kavu,
kama ya mtu anayesoma bei ya mbolea.

Mzee Kandaeli akasema utaratibu ni utaratibu.
Mchungaji akatazama dirishani.
Kengele haikupigwa. Joho halikushuka kilima.

Kaburi alilichimba Hamidu Mmasi, fundi matofali,
anayeswali msikiti wa sokoni.
Udongo wa masika, unang'ang'ania jembe kama deni.
Alipomaliza akanawa mikono mferejini,
akasimama pembeni, akanong'ona ya kwake.
Wanawake wakaimba bila kitabu,
beti wakizipoteza na kuziokota,
na mimi nilikuwa nyuma, katikati ya migomba,
mkoba wa ofisi bado begani.

Sasa Elisifa, mtoto wa dada yangu, amerudi na digrii.
Ananisaidia kumenya ndizi, ananibana kwa swali:
"Mama mdogo, wewe ni mtu wa hesabu.
Dini imetufaa au imetudhuru?
Toa jumla."

Ningependa iwe rahisi hivyo, mwanangu.
Lakini Kandaeli huyo huyo,
mwaka chulebuni ilipomaliza kahawa,
alivunja kufuli la stoo ya kanisa kwa shoka lake,
akagawa mahindi bila kuuliza namba,
mpaka kwa kina Hamidu, mpaka kwa walevi wa kilabu cha mbege.
Mkono ule ule. Niliuona.
Na kitanda ulichozaliwa wewe, kule zahanati,
chuma chake kilinunuliwa kwa bahasha,
na baadhi ya bahasha zile ziliandikwa 214:
shilingi mia mia za maziwa,
kabla ng'ombe wake hajafa.

Nikate mstari wapi?
Usiniambie maji hayana kosa, kosa ni la bomba.
Nimewahi kusema hivyo. Ni maneno ya mwenye bomba.
Wala usiniambie tungekuwa wema zaidi bila kanisa:
ukoo wa baba yako uligombea mpaka wa kihamba
hadi mapanga yakatoka,
na siku ile hakuna aliyemtaja Mungu, hata kwa kuapa.

Ninalolijua ni dogo.
Siku ya saba baada ya maziko nilibaki ofisini peke yangu.
Nikachukua kalamu ya bluu.
Januari: amelipa. Februari: amelipa.
Miezi thelathini na sita,
nikibadili mwandiko, hapa uchovu, pale haraka,
ili ionekane ni miaka iliyopita kweli.
Fedha niliitoa kwenye akiba ya mabati.
Ndiyo maana jikoni hapa kunavuja.

Elisifa ameacha kumenya.
"Kwa hiyo pale ulitenda dhambi, au ulitubu?"
Nikamwambia maji yanachemka.

Machi alikuja mkaguzi wa dayosisi.
Akapitisha kidole safu hadi safu,
akasimama kwenye 214,
akalamba kidole, akafunua ukurasa.
"Daftari safi sana," akasema.
"Huyu mama hakuwahi kukosa."